Kipima Mionzi ya Jua cha Mkononi: Kinachoona na Kisichoona

Kwa miezi minane nimekuwa nikitumia kipima mionzi ya jua cha mkononi, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, chenye kijicho cha silikoni kilichofunikwa kwa plastiki nyeupe, skrini ya tarakimu na vitufe viwili, kimoja cha kuwasha na kingine cha kushikilia namba isibadilike. Kazi yake ni kueleza ni wati ngapi za nishati ya jua zinaangukia kila mita ya mraba ya uso ulioelekezwa. Wanaokihitaji zaidi ni mafundi wa paneli za umeme wa jua, lakini mimi nilikinunua ili nifuatilie kwa namba yanayoipata nishati hiyo kuanzia juu ya angahewa hadi inapotua ardhini. Kazi ya mafundi kinaiweza vizuri. Kazi yangu kimeifanya nusu, na kijitabu kilichofungashwa pamoja nacho hakikiri upungufu huo.

Kijitabu chenyewe kina ukurasa mmoja wa elimu ambao ungeweza kuwa bora. Kinasema kweli kwamba nishati ya jua hutufikia kwa takriban dakika 8 na sekunde 20, kwa mwendo wa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kisichosema ni kwamba hiyo ni sehemu fupi mno ya safari nzima. Nishati huzaliwa katika kiini cha jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15 za Selsiasi, haidrojeni inapoungana kuwa heliamu. Kisha hufyonzwa na kutolewa upya mara zisizohesabika ndani ya maada nzito, hata ikachukua makumi ya maelfu ya miaka, au zaidi, kufika kwenye uso wa jua wenye joto la nyuzi kama 5,500. Kutoka hapo hakuna tena cha kuizuia. Katika kilomita milioni 150 za anga tupu haipotei kitu, bali hutawanyika tu kwa sababu inagawiwa eneo linalozidi kupanuka, na ndiyo sababu anga hilo hubaki baridi ingawa nishati yote inapita humo: mionzi hupasha kile kinachoifyonza, na humo hamna cha kufyonza.

Ikifika juu ya angahewa inakuwa wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, na namba hiyo kijitabu kimeichapa kwa herufi nene kana kwamba haibadiliki. Ni wastani wa mwaka. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, na tofauti ya nishati kati ya nyakati hizo mbili hufikia karibu asilimia 7, kiasi ambacho kifaa hiki kingekiona bila taabu lau kingewekwa huko juu.

Nilianza majaribio siku ya anga safi, jua likiwa karibu na utosi. Skrini iliandika 1,024, maana yake robo ya zile wati 1,361 ilikuwa imekwama njiani. Ozoni ya stratosfia, tabaka la juu la hewa, ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya urujuanimno, hasa mawimbi mafupi ya chini ya nanomita 290 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ambayo hayafiki ardhini kabisa. Mvuke wa maji ulikuwa umekata vipande vipana vya infraredi, yaani mionzi isiyoonekana yenye mawimbi marefu kuliko ya mwanga mwekundu. Na molekuli za hewa pamoja na vumbi zilikuwa zimetawanya sehemu nyingine pande zote, baadhi yake ikarudi angani. Sehemu hii ya kutawanywa ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa kuwa kifaa kinaipima waziwazi. Nilibandika kisahani cheusi mwishoni mwa fimbo, nikakishika mbali na kifaa ili kivuli chake kiangukie kwenye kijicho tu, na namba ikashuka hadi 92. Hizo wati 92 zilitoka kwenye ubuluu wa anga, wala si kwenye jua moja kwa moja. Molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi kwa nguvu zaidi mno, hivi kwamba mwanga wa buluu wa nanomita 450 hutawanywa karibu mara sita kuliko mwekundu wa nanomita 700. Siku nyingine, hewa ikiwa na vumbi jingi na jua likiwa pale pale, jumla ilishuka hadi 930 tu, lakini kivuli cha kisahani kilitoa 210. Vumbi lilikuwa halijaizuia nishati kwa kiasi nilichodhani; sehemu kubwa ya kilichopungua kwenye miali ya moja kwa moja kilikuja kwa njia ya kuzunguka.

Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, kifaa kilicholazwa bapa kilisoma 455, na kilipoelekezwa usoni mwa jua kilisoma 845. Tofauti kati ya namba hizo mbili inatenganisha mambo ambayo watu wengi huyachanganya. Kushuka kutoka 1,024 hadi 845 ni gharama ya hewa, kwa kuwa katika mwinuko huo miali hupita katika hewa maradufu kuliko ikitoka utosini, na jua linapogusa upeo njia hiyo hufika takriban mara 38. Kushuka zaidi hadi 455 si kosa la hewa, bali ni jiometria: miali ileile imetandazwa juu ya eneo maradufu.

Hapa ndipo kasoro ya kwanza inapojitokeza, nayo ni ya kiuundaji. Kifaa hakina kiputo cha kusawazishia. Jua likiwa katika mwinuko huo wa nyuzi 30, mkono ukikiinamisha kwa nyuzi 5 tu kuelekea jua, mchango wa miali ya moja kwa moja huongezeka kwa karibu asilimia 15, na mkono wa binadamu huinama kwa nyuzi 5 bila mwenyewe kujua. Nililazimika kukifunga juu ya pimamaji ya fundi uashi kwa mpira. Kifaa kinachoandika tarakimu nne, kisha kikamwachia mtumiaji kosa la kiasi hicho, kinatoa uhakika kisichokuwa nao.

Wepesi wake, kwa upande mwingine, ni wa kusifiwa. Alasiri moja yenye mawingu yaliyotengana skrini iliandika 1,190, nami nikadhani kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika: kingo za mawingu meupe zilikuwa zikiakisi mwanga kuelekea chini, ukaongezeka juu ya miali kamili iliyopita katikati yao. Tukio hilo lilidumu sekunde chache tu, na kipimaji cha aina ya thamopaili, ambacho hungoja uso wake mweusi upate joto kwanza, kingelipunguza makali.

Kasoro kubwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa mwisho: kijicho huhisi mawimbi ya nanomita 400 hadi 1,100 pekee. Hata kwenye anga safi, karibu moja ya tano ya nishati inayofika ardhini iko nje ya mpaka huo wa juu, katika infraredi ileile ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kuweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu ya prizimu. Mtengenezaji hukisia sehemu isiyoonekana kwa kurekebisha namba za kifaa chini ya jua kali zilingane na kipimo sahihi, na makisio hayo hushikilia mradi mwanga ubaki na mchanganyiko uleule wa mawimbi. Mchanganyiko ukibadilika, kifaa hupotoka. Nilikilinganisha na thamopaili ya kuazima: chini ya mawingu mazito chetu kilisoma 142 na kile 134, kwa sababu maji ya mawingu yamekula infraredi ya mawimbi marefu zaidi ambayo kijicho hakikuwa kikiiona tangu awali, kwa hiyo hakikuona hasara. Chini ya mti kilizidisha kwa zaidi ya robo, maana majani hufyonza mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi ya karibu, na hiyo silikoni inaipenda mno. Inanisikitisha kidogo kwamba mwaka 1838 Claude Pouillet, akiwa na chombo cha maji chenye uso uliopakwa weusi na kipimajoto, alipima mawimbi yote bila kubagua na kukadiria nishati ya juu ya angahewa kuwa karibu wati 1,228, bila umeme wala betri.

Jaribio la mwisho lilikuwa la usiku. Ukuta wa mawe uliopigwa na jua kutwa nzima ulikuwa ukitoa joto lililohisika shavuni, na kifaa kilisoma sifuri. Nilikielekeza kwenye bamba la chuma lililotoka motoni, bado jeusi lakini halishikiki, kikasoma sifuri tena. Nusu ya pili ya safari ya nishati hupita hapo. Ukigawa wati 1,361 juu ya uso wote wa dunia, usiku na mchana, unapata wastani wa karibu 340. Takriban asilimia 30 huakisiwa angani, chini kidogo ya robo hufyonzwa na angahewa, na karibu nusu hufyonzwa na ardhi na bahari. Uso wa dunia huirudisha juu kwa uvukizi wa maji, kwa hewa vuguvugu inayopaa, na kwa infraredi yenye mawimbi ya karibu mikromita 10, yaani nanomita 10,000, ambayo mvuke wa maji na kaboni dioksidi huinasa na kuitoa upya, sehemu yake ikirejea chini. Eunice Foote mwaka 1856, kisha John Tyndall kuanzia 1859, walionyesha maabarani kwamba gesi hizi hushika joto. Mchoro wa kijitabu una mshale mmoja mnene kutoka kwenye jua hadi ardhini, na hapo unaishia. Mtu angefunga kijitabu akiamini kwamba hewa hupashwa na jua kutoka juu, ilhali hewa ya chini tunayoivuta hupashwa zaidi na ardhi.

Betri imedumu miezi yote minane. Plastiki ya kijicho hushika vumbi na inahitaji kufutwa kabla ya kila kipimo, na kijitabu kinashauri namba zake zirekebishwe kila mwaka bila kueleza ulinganifu wake unatokana na kipimo gani cha rejea, ilhali vipimaji vya kuaminika hufuatiliwa hadi kwenye vifaa vya rejea vya dunia vilivyoko Davos, Uswisi.

Ningekipa nyota tatu kati ya tano. Mwalimu wa sayansi au mkulima anayetaka kujua nishati inayofika chini ya majani atafute thamopaili hata kama ni nzito na haina haraka. Fundi wa paneli anunue hiki bila wasiwasi, kwa kuwa paneli zake nazo ni za silikoni na haziuoni mwanga uleule ambao kifaa hakiuoni.