Kipimo cha EC: kipi ununue kwanza ukiwa Arusha

Ukiwa na kitalu nyumba Usa River au maabara ya shule mjini, utahitaji kujua maji yanapitisha umeme kiasi gani (ndiyo EC), maana ndivyo unavyojua haraka yamebeba chumvi kiasi gani. Vipimo viko vya kila namna. Mimi navipanga hivi.

Cha kwanza ni mita ya mkononi yenye probu ya waya, yaani kile kichwa kinachotumbukizwa majini. Probu ikichoka unabadilisha probu tu. Hakikisha inafidia joto yenyewe. Maji yakipanda nyuzi joto 1, usomaji hupanda kama asilimia 2. Niliwahi kupima tangi la mbolea kwa kifaa kisichofidia: asubuhi, maji yakiwa nyuzi 18, kikasoma maikrosimensi 1,650 kwa sentimita, saa nane mchana, nyuzi 28, kikasoma 2,030. Mbolea haikuongezwa hata kijiko. Nikazimua kwa maji, na nyanya zangu zikakaa na njaa wiki nzima.

Pia iwe inarekebishwa kwa maji ya 1413, yaani maikrosimensi 1,413 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Ni kloridi ya potasiamu ya 0.01 M. Mwalimu wa kemia mwenye mizani nzuri anaitengeneza mwenyewe: gramu 0.746, ongeza maji yaliyokenekwa hadi itimie lita 1.

Cha pili, kalamu ya EC yenye sifa hizohizo mbili. Bustani inaitosha. Isuuze kila mara, mbolea isikaukie kwenye elektrodi.

Mita ya mezani naiweka ya tatu kwa mkulima, ila kwa maabara ndiyo ya kwanza. Unachagua seli, yaani probu yake, kwa namba ya K inayoonyesha umbo la elektrodi zake: K ya 0.1 kwa maji safi sana, 1 kwa ya kawaida, 10 kwa yenye chumvi nyingi.

Ya mwisho kabisa ni kalamu ya TDS, yaani ya kukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Inapima umeme uleule, kisha inazidisha kwa 0.5 au 0.7. Maji ya maikrosimensi 1,000, kalamu moja itakuambia 500, nyingine 700, na mara nyingi boksi halisemi imetumia ipi.

Na wewe mwenye kisima miteremko ya Meru, nakusihi: hakuna hata kimoja hapa kinachopima floridi. Vyote vinajumlisha chumvi bila kuzitenganisha. Maji yanaweza kusoma chini na bado yakazidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto yakaharibika. Sampuli hiyo ipeleke maabara ya maji, uombe wapime floridi yenyewe.