Chaja ya gari kwa barabara za Kigoma: tazama inavyoshika kabla ya kutazama wati

Lalamiko ninalolipokea mara nyingi zaidi kutoka kwa wasomaji wa Kigoma Mjini, Kasulu na Kibondo ni hili: mtu amenunua chaja ya gari iliyoandikwa wati nyingi kwenye boksi, amesafiri nayo kutoka asubuhi hadi mchana, na simu imefika mwisho wa safari ikiwa imepanda asilimia chache tu, pengine chini ya zile ambazo ingepata kwa nusu saa ikiwa imechomekwa ukutani nyumbani. Wengi wao huilaumu simu, baadhi huulaumu waya, na wapo waliokwisha kununua chaja ya pili yenye namba kubwa zaidi wakaambulia matokeo yaleyale. Ninapowauliza kama chaja hiyo huchezacheza gari linapopita kwenye mashimo, karibu wote hujibu kuwa ndiyo, tena kwa mshangao, kwa sababu hakuna muuzaji aliyewahi kuwaambia kwamba jambo hilo linahusiana kwa namna yoyote na kasi ya kuchaji.

Linahusiana sana, na ndiyo maana katika mwongozo huu sitashughulika na rangi, taa, wala kioo kidogo kinachoonyesha volti. Tundu la gari tunalochomeka chaja lilibuniwa kwa ajili ya kiberiti cha sigara, na halikukusudiwa kushikilia kifaa kwa saa nyingi katika mtetemo. Umeme chanya hupita kwenye ncha ya mbele ya chaja, ambayo husukumwa na springi, na hasi hupita kwenye vibati viwili vya pembeni vinavyobana ukuta wa tundu. Tundu lenyewe lina upana wa takriban milimita 21, lakini hutofautiana kidogo kati ya gari na gari, na kwenye Noah au Probox iliyofanya kazi ya abiria kwa miaka mingi utalikuta limepanuka na kuingia vumbi jekundu. Vibati vikiwa laini, kila shimo hukata umeme kwa kitambo kidogo ambacho dereva hawezi hata kukigundua.

Kukatika huko ndiko kunakoua kasi. Simu janja ya leo haipokei umeme mwingi mara tu inapochomekwa. Simu na chaja huanza kwenye volti 5, huulizana na kujibizana kupitia waya, kisha ndipo hukubaliana kupanda hadi volti 9 au zaidi. Mguso ukikatika, makubaliano hayo hufutika na kazi huanza upya kutoka volti 5. Wakati huohuo kioo cha simu huwaka na simu hutoa mlio, na chaji ya kuwasha kioo hicho hutoka kwenye betri ileile tunayojaribu kuijaza. Katika barabara za vumbi za kwenda vijiji vya Buhigwe utausikia mlio huo mfululizo, huku abiria wa mbele akiwa ameikandamiza chaja kwa kidole gumba ili isitoke. Zaidi ya hayo, mguso uliolegea hutoa joto. Ukiichomoa chaja ukakuta ncha yake imekuwa nyeusi, au plastiki inayoizunguka imeanza kubadilika rangi, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kipimo changu hufanyika ndani ya gari, tena gari lilelile litakalotumia chaja hiyo. Ichomeke, unganisha simu, usubiri hadi kioo kiandike kwamba inachaji kwa kasi, kisha isukume chaja kwa kidole kwenda juu, chini na pembeni. Maandishi yakipotea hata mara moja, irudishe kwa muuzaji. Halafu ijaribu kuichomoa: chaja nzuri haitoki kirahisi, utalazimika kuivuta kwa nguvu kidogo. Angalia pia urefu wa sehemu inayobaki nje, kwa sababu kadiri inavyojitokeza, na waya mnene ukining'inia kwenye ncha yake, ndivyo kila mtikisiko unavyoikunja na kuilegeza. Nazipendelea fupi, ambazo zikiingia hubaki karibu sawa na ukingo wa tundu. Na kabla ya kuilaumu chaja yoyote, zima gari, futa tundu kwa kitambaa kikavu, na uhakikishe hakuna sarafu iliyotumbukia humo. Sarafu ikigusanisha kitako cha tundu na ukuta wake, fyuzi huungua.

Kwa kipimo hicho naiweka Anker nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba naipendelea. Ni kampuni ya Kichina iliyoanzishwa mwaka 2011, iliyojipatia jina kwa chaja na betri za akiba kabla ya kuingia kwenye bidhaa nyingine, na jambo hilo linaonekana mkononi. Zile zake fupi zenye mwili wa chuma zina vibati vya pembeni vigumu, na ninayoitumia mwenyewe nimepita nayo barabara mbaya bila simu kulia. Chagua yenye tundu la USB-C, lile dogo lenye ncha za mviringo, linalotoa wati 20 au zaidi, na usiikubali yenye matundu ya zamani pekee, yale mapana ya mstatili, kwa sababu tu ina jina la Anker.

Nafasi ya pili naipa Samsung ile ya matundu mawili, ambayo hutoa wati 45 kwenye USB-C na wati 15 kwenye tundu la zamani. Sifa yake kubwa ni kwamba kila tundu lina kiwango chake kilichotajwa waziwazi, tofauti na chaja nyingi ambazo abiria wa pili akichomeka simu yake, ya kwanza hupunguziwa. Vilevile inatumia PPS, utaratibu wa kupandisha na kushusha volti kidogokidogo, ambao simu za Galaxy huutegemea ili zifikie kasi yao ya juu. Mwenye Galaxy inayopokea wati 45 akumbuke kwamba waya nao lazima uwe wa ampea 5, la sivyo hatazipata wati hizo. Kwa kushika, naiweka nyuma ya Anker.

Belkin ya wati 37, yaani 25 kwenye USB-C na 12 kwenye tundu la pili, ningeipandisha kama ingepatikana. Sijaiona katika maduka ya Mwanga hapa Kigoma Mjini, na kuagiza kifaa ambacho huwezi kukijaribu kwenye gari lako kunapingana na kila nililosema hapo juu.

Oraimo ndiyo utakayoikuta karibu kila duka la simu, na inatoka katika familia moja na Tecno, Infinix na itel. Naiweka ya nne kwa sababu matoleo yake ni mengi na hayalingani katika kushika, hivyo ijaribu moja baada ya nyingine. Wenye Tecno na Infinix waelewe jambo moja: kasi ya juu kabisa ya simu hizo mara nyingi hutegemea utaratibu wa kampuni yenyewe, kwa hiyo ukitumia chaja ya chapa nyingine, hata iliyo bora, simu inaweza kuchaji polepole kuliko kwenye chaja ya ukutani iliyokuja nayo, na hapo chaja haina kosa.

Zile za shilingi elfu tano zinazopangwa mezani stendi zinafaa kwa kitochi.

Kuhusu wati, soma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye mwili wa chaja na uyapuuze yale makubwa ya kwenye boksi. Ukiona volti 9 na ampea 2.22, zidisha: ni wati 20, na hizo zinatosha iPhone 8 na zilizofuata kufikia takriban nusu ya betri kwa dakika thelathini, mradi waya ni wa USB-C upande wa chaja. Ukiona volti 5 na ampea 2.4, hizo ni wati 12 tu, hata kama boksi limeandikwa neno la kasi kwa herufi za dhahabu. Namba kama 100 mara nyingi ni jumla ya matundu yote, na hakuna simu moja itakayoipata.

Linaloniudhi zaidi ni namna tunavyouziwa. Muuzaji mmoja wa mjini alinikataza kufungua boksi kabla ya kulipa, na nilipokwisha kulipa akanionyesha maandishi kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi atajuaje kama chaja inashika kwenye gari lake, ikiwa gari limeegeshwa hatua chache kutoka mlangoni na yeye haruhusiwi kutoka nayo hata kwa dakika mbili? Bei nayo ina mambo yake. Chaja ileile ya Kariakoo hupanda sana ikifika huku, na sababu tunayopewa siku zote ni usafiri. Nakubali kwamba Dar es Salaam ni mbali, kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, lakini boksi hilo huingia kwenye mfuko wa shati, na katoni moja hubeba maboksi mengi sana. Gharama ya kulisafirisha boksi moja haiwezi kufikia nyongeza tunayotozwa. Mbaya kuliko zote ni kuuziwa bandia yenye jina la Samsung kwa bei ya halisi. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa bandia, nami nawasihi wasomaji wadai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, kwa sababu bila hiyo huna la kuwasilisha popote. Mimi sasa huomba kujaribu kwanza, na anayekataa huniona nikivuka barabara kwenda duka linalofuata.

Neno la mwisho ni kwa madereva wa Fuso na malori mengine yanayotumia volti 24. Kwenye mwili wa chaja tafuteni mstari wa umeme unaoingia, nao lazima uandikwe volti 12 hadi 24. Chaja iliyotengenezwa kwa volti 12 pekee ikichomekwa kwenye lori la aina hiyo inaweza kuungua papo hapo na kuiharibu simu iliyounganishwa nayo, kwa hiyo mstari huo ukikosekana, msinunue hata kama inashika vizuri.