Grini skrini ya kitambaa cha Kiyembe: uzoefu wangu

Wadau wa vidio, kama uko Kampala na unataka kununua grini skrini ya dukani na stendi zake, yaani kile kitambaa cha kijani cha nyuma yako ambacho programu inakifuta na kuweka picha nyingine, ngoja kwanza. Mimi natengeneza vidio fupi za kufundisha watoto Kiswahili, na toka baraza la mawaziri likipitishe kuwa lugha rasmi 2022 wazazi wananiulizia sana, sasa nikawa nataka nyuma yangu paonekane soko, mara ziwa, mara mbuga, na mimi niko chumbani tu.

Nilienda Kiyembe kwa wauza vitambaa nikachukua mita tatu za pamba mchanganyiko, kijani kikali kinachowaka, sio kile cha jani la mgomba. Rangi iwe kali, ila angalia kitambaa chenyewe kisiwe cha kumetameta. Satini usiguse kabisa, inarudisha mwanga halafu kamera inaona mabaka meupe ambayo programu haiwezi kuyatoa. Fundi cherehani akanipigia pindo pana juu, nikapitisha paipu ya plastiki ile ya maji, vibanio pembeni, chupa za mchanga miguuni. Yote kwa pamoja haikufika shilingi 60,000.

Lakini jamani, kitambaa ni kazi ndogo, kazi yenyewe ni mwanga! Piga pasi kwanza maana kila mkunjo ni kivuli, na kila kivuli ni kijani kingine ambacho programu inashindwa kukifuta. Weka taa mbili za kumulika kitambaa peke yake, kulia na kushoto, nguvu sawa, halafu taa nyingine yako wewe. Usisimame karibu, kaa mbele kama mita moja na nusu au mbili, ukisogea kitambaani ule ukijani unakurukia masikioni na mabegani na kuutoa baadaye ni mateso. Umeme ukikatika mimi nahamia kibarazani asubuhi, kwenye kivuli, sio saa sita jua likiwa utosini.

Mtu akiniuliza kwa nini kijani namwambia ngozi ya binadamu haina kijani kingi, na pia vihisi vya kamera zetu hizi za dijitali, vile vinavyopokea mwanga, vya kijani ni mara mbili ya vyekundu au vya bluu, kwa hiyo picha yake inakuwa safi zaidi. Programu ya kufuta kijani, kwenye simu natumia CapCut, kwenye kompyuta DaVinci Resolve ya bure ambayo ni nzuri mno ila inataka mashine yenye nguvu.

Inaposumbua ni nywele, zile ndogo ndogo za pembeni zinapotea. Na ukirusha mikono haraka inaacha ukungu wa kijani, hapo ongeza spidi ya shata, yaani kamera ifungue na kufunga haraka zaidi, na ukiongeza picha inakuwa giza kwa hiyo unarudi kulekule kwenye taa.

Halafu sare. Shule nyingi hapa wanavaa sweta za kijani, mtoto akija nayo kifua chote kinageuka ziwa, ndio maana nina na kitambaa cha bluu kinachoingia kwenye paipu ile ile. Vijana wa Wakaliga, mtaa wa hapa hapa Kampala, wanatengeneza filamu za mapigano kwa vifaa vya mtaani miaka mingi sasa, kwa hiyo mtu asikwambie lazima uwe na ya dukani. Ya dukani nimeshaijaribu pia, stendi zake zinakunjika vizuri na kubeba ni rahisi, ila kwenye picha sikuona tofauti.