Pedometa ya kiunoni kutoka Kariakoo: hatua zake ziamini, kalori zake ziache

Pedometa ninayoizungumzia ni kile kifaa chepesi cha kuhesabu hatua, cha kubana kiunoni, kidogo kuliko kiberiti, kisichohitaji simu, intaneti wala akaunti ya aina yoyote. Haina chapa inayojulikana. Yangu niliinunua Kariakoo, katika duka linalouza pia mizani za jikoni na vipima joto, kwa shilingi 18,000 baada ya kupatana. Kwa mtu anayetaka kupunguza uzito kwa kutembea zaidi kila siku, hasa sisi tunaoshinda tumekaa ofisini kuanzia asubuhi hadi jioni, naiona ina manufaa kuliko saa janja ya bei kubwa mara kadhaa, ilimradi mnunuzi ajue ni tarakimu ipi ya kuiamini na ipi ya kuipuuza.

Ndani yake mna akselerometa, yaani kihisi kinachotambua mtikisiko wa nyonga kila mguu unapotua chini. Pedometa za zamani zilitegemea kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye springi, na zilikosea pindi zilipoinama. Hii hupima mwendo kwa pande tatu, hivyo hata ikilala mfukoni inaendelea kuhesabu. Niliijaribu katika barabara tambarare kwa kuhesabu hatua 100 kwa mdomo, ikaonyesha 98, na kwa kazi yetu hiyo inatosha kabisa. Haianzi kuhesabu mpaka mtu awe amepiga hatua kama kumi mfululizo, jambo linalozuia mitikisiko ya ovyo isihesabiwe, lakini pia linafuta zile safari fupi za kutoka jikoni hadi sebuleni. Akina mama wenzangu wajue kwamba ikibanwa juu ya dera pana hupoteza hatua nyingi, kwa sababu kitambaa hupepea chenyewe bila kufuata mwendo wa mwili. Dawa yake ni kuibana kwenye gagulo, au kwenye mkanda wa nguo ya ndani, mahali panapogusana na nyonga.

Ubora wake ulinidhihirikia Jumamosi moja nilipoazima saa janja ya rafiki yangu nikavaa vyote viwili nyumbani. Nilifua nguo kwa mikono, kisha nikakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na kwa muda wote huo saa ilikuwa ikiongeza hatua kwa mamia huku pedometa ya kiunoni ikibaki karibu palepale ilipokuwa. Mtu anayekuna nazi anafanya kazi, wala siidharau kazi hiyo, lakini hajatembea. Na kama lengo lake ni kutembea zaidi, kifaa kinachompongeza akiwa ameketi kinampotosha. Daladala likipita kwenye mashimo huwa linazidanganya zote mbili kidogo, ingawa ya kiunoni hudanganyika kwa uchache zaidi.

Ushauri wangu kwa anayeinunua ni kwamba wiki ya kwanza aivae tu, asibadili lolote katika siku zake, ili aone kwanza anatembea kiasi gani. Hapo ndipo thamani ya kifaa hiki inapoonekana, kwa sababu uchovu wa jioni hutufanya tuamini kwamba tumezunguka sana, kumbe tumechoshwa na foleni, joto na kukaa. Mimi nilikuta siku zangu za kazi zinaishia kwenye hatua kama 3,000, nyingi zikiwa za asubuhi kabla sijafika mezani. Mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa Marekani mwaka 2007 yalionyesha kwamba watu waliovaa pedometa waliongeza zaidi ya hatua 2,000 kwa siku, na kwamba kujiwekea lengo maalumu la hatua kulikuwa na mchango mkubwa katika ongezeko hilo. Kifaa kisicho na lengo hubaki kuwa pambo la kiunoni.

Lengo hilo si lazima liwe hatua 10,000, ambazo ndizo zilizowekwa tayari ndani ya kifaa hiki. Idadi hiyo ilipata umaarufu kutokana na pedometa iliyouzwa Japani mwaka 1965, na haikutokana na vipimo vya madaktari. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea hatua 2,700, na kwamba nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Utafiti huo ulihusu vifo, haukuhusu unene. Hata hivyo unamwondolea mtu mzito, mwenye magoti yanayouma, ile hofu kwamba asipofika 10,000 amepoteza siku yake. Kitufe cha pembeni kinaruhusu kubadili lengo, na mimi niliweka 5,000 kwanza, nikawa napandisha kidogo kidogo kadiri mwili ulivyozoea.

Hatua za ziada hapa Dar es Salaam zinapatikana kwa urahisi zaidi ndani ya safari tunazokwenda tayari kuliko katika mazoezi ya kupangia muda wake. Mkazi wa Sinza anayeshuka basi la mwendokasi kituo cha Shekilango, badala ya kupanda bajaji hadi mlangoni, akitembea kwa kufuata barabara ya Shekilango anajikuta ameongeza hatua elfu mbili au zaidi, na nauli imebaki mkononi. Mahali pazuri zaidi pa kupimia kifaa chenyewe ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, kwa kuwa lina njia ya waenda kwa miguu, upepo wa bahari, na urefu unaojulikana wa mita 1,030. Livuke kutoka upande wa Coco Beach kuelekea mjini, kisha gawanya mita hizo kwa idadi ya hatua ulizopiga, utapata urefu wa hatua yako wa kuingiza kwenye pedometa. Kifaa hiki huja kikiwa kimewekewa sentimita 70, na kwa mtu mfupi kama mimi kipimo hicho kinarefusha umbali kuliko ulivyo kweli. Jua la kuanzia saa tatu asubuhi halina huruma, hasa Januari hadi Machi, kwa hiyo alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake, na maji ya kunywa yawe karibu.

Sasa nije kwenye kalori, ambako ndiko wengi wanakopotea. Kifaa kinaonyesha kalori zilizotumika kwa kuzidisha hatua na uzito ulioingizwa, bila kujua kama unapanda mlima wa Kimara au unatembea taratibu ukiongea na jirani. Hata vifaa vya gharama kubwa vinavyosoma mapigo ya moyo havijasalimika: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi mwaka 2017, na hata kile kilichokaribia ukweli zaidi kilikosea makadirio ya nishati kwa wastani wa asilimia 27. Ni salama zaidi kufanya hesabu mwenyewe. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita moja hutumia takribani kilokalori 40 (ambazo kwa mazoea huitwa kalori tu) zaidi ya ambazo angetumia akiwa amekaa. Akiongeza hatua 3,000 kwa siku, ambazo ni kama kilomita mbili, amechoma kilokalori 80. Na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kilokalori 7,700, atahitaji takribani miezi mitatu kuipunguza kwa kutembea peke yake. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina karibu kilokalori 140, maana yake ni kwamba anayejizawadia soda baridi baada ya matembezi hayo amerudisha yote aliyochoma, na nyongeza juu yake.

Naliandika hili kwa uzito kwa sababu nimeona ndugu na majirani wakiacha kutembea kwa kukata tamaa, mizani ikiwa haijasogea, ilhali sukari na presha zao zilikuwa zikihitaji matembezi hayo hayo. Mimi nimepungua kilo nne tangu mwisho wa masika, lakini katika muda huo niliacha soda na kupunguza wali wa usiku, na ninaamini chakula ndicho kilichofanya sehemu kubwa ya kazi. Pedometa imenisaidia kudumu.

Kasoro zake ni za kifaa cha bei nafuu. Kibanio ni cha plastiki na kinalegea, hivyo ni vyema kuifunga pia kwa kamba ndogo. Kioo hakina taa, kwa hiyo alfajiri hakisomeki. Mfuniko wa betri hauzibi vizuri dhidi ya mvua na jasho. Kumbukumbu yake ni ya siku saba tu, ndiyo maana nina daftari. Betri ni ile ya duara ya CR2032, inayopatikana kwa mafundi saa wengi.

Muuzaji aliniambia, “Dada, hii ukitoka nayo hapa hairudi,” nami nikamjibu, “Basi kaka, tuijaribu kabla sijalipa.” Hakukataa. Alifungua boksi, akatia betri, nami nikatembea nayo hadi mwisho wa ujia na kurudi nikihesabu. Ya kwanza ilikuwa imepungukiwa hatua nyingi mno, akanipa nyingine. Usikubali kuondoka na boksi lililofungwa.