Ditekta na udongo wa chumvi: eti unyevu hauhusiani!

Nina hasira na sifichi. Ditekta hii, mashine ya kutafutia metali ardhini, niliinunua si zamani sana, na kiangazi chote ilinitumikia vizuri. Mvua zilipoanza, kwenye bonde moja lenye udongo wa chumvi, ule ukikauka unaacha ukoko mweupe juu, ikaanza kulia ovyo. Nainua koili, lile duara la chini linalotafuta, kimya. Naishusha, inalia. Nachimba: hakuna msumari, hakuna kizibo, hakuna kitu! Nikairekebisha mashine upya ili ipuuze udongo wa pale, tena na tena, bado. Nikapunguza usikivu mpaka ikanyamaza, na hapo ikapita juu ya sarafu niliyoifukia mwenyewe, kina cha kiganja tu, bila hata kukoroma. Sarafu ile ile kiangazi iliinasa bila taabu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Jibu lake: "Unyevu hauhusiani na kina. Jifunze kwanza kutumia mashine." Basi. Hata salamu hakuna.

Hauhusiani vipi? Maji yakiyeyusha chumvi, udongo unapitisha umeme, na uga wa sumaku unaotoka kwenye koili unaamsha mikondo humo humo ardhini. Mashine ya masafa (frikwensi) ya aina moja kama hii inausikia udongo kana kwamba ni metali, na mlio wa sarafu unamezwa na kelele hizo. Ndiyo maana wanaotafuta kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari hupendelea mashine za masafa mengi kwa pamoja, au za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipigo vifupi vifupi. Muuzaji wa ditekta halijui hili? Au analijua, ila hataki kurudisha pesa?

Tuseme ukweli, mashine yenyewe si mbovu. Juu ya bonde, kusiko na chumvi, siku chache baada ya mvua milio hutoka safi, na mara nyingine naiona safi kuliko kiangazi. Kuchimba nako ni raha: bonge linakatika zima, sarafu imo ndani. Kwa udongo huo ningeipa nyota nne.

Lakini nikilikumbuka lile jibu, hapana. Kijitabu hakina hata mstari mmoja kuhusu chumvi, na boksi limeandikwa inafaa udongo wa kila aina. Wa kila aina! Nyota moja. Unayetafutia ufukweni, usiiguse. Mwenye udongo usio na chumvi anunue tu, ila kwa muuzaji mwingine.