Jioni na Radio 3: FM au intaneti?

Mabishano ya wasikilizaji wa BBC Radio 3 huko Uingereza hayaishi: Proms, tamasha la muziki wa klasiki kutoka ukumbi wa Royal Albert Hall, ulisikilize kwa FM au intaneti?

Kwa gharama, FM inashinda: redio kuukuu inatosha, na leseni ya kumiliki redio ilifutwa 1971. Lakini antena ya paani ina kazi yake. Upepo ukiipinda, lazima mtu apande. Tena fidla zikishuka hadi kunong'ona, mkwaruzo wa mawimbi hafifu husikika, na hilo huniumiza kweli. Intaneti, kwa kilobiti 320 za data ya sauti kwa sekunde, huulinda ukimya ule, na tamasha lililokupita leo utalisikia kesho. Mtandao ukiyumba, simfoni hukatika.

Mnara ukiwa karibu, baki na FM. Bondeni, mawimbi yakifika hafifu lakini mtandao ni imara, intaneti.