Eti sauti ya kambo, babu yangu, ndiyo mbovu!

Nilirudi na rekoda hadi duka nililoinunulia, katikati ya mji hapa Lubumbashi, nikamsikilizisha muuzaji dakika mbili tu za sauti iliyopasuka. Hedifoni nilimpa, akaikataa. Aliinamisha sikio kwenye kile kispika kidogo cha mgongoni, akacheka. "Papa, mashini iko muzuri. Ni sauti ya ule muzee njo imezeeka." Mbele ya wateja wengine! Naandika haya kwa ajili ya maneno hayo, na hata sasa damu inanichemka.

Huyo muzee ni kambo wangu, baba ya mama. Anakaa Katuba, hapahapa mjini, anakaribia miaka 90. Aliingia kazi Union Minière, kampuni ya migodi, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, akabaki mpaka kampuni ikawa Gécamines. Anazo nyimbo za kazi ambazo wenzake wote waliozijua wamekwisha kufa. Nilinunua rekoda kwa ajili yake, si kwa kitu kingine.

Siku ya kununua nilimuuliza yule kijana swali moja tu: nivo, yaani kiwango cha sauti inayoingia, niiweke wapi? Alinijibu macho yakiwa kwenye simu. "Otomatiki. Usiguse kitu." Nikamsadiki, maana yeye ndiye mwenye kazi yake.

Basi sikilizeni otomatiki inavyofanya. Kambo husema polepole: neno, kimya, neno. Akinyamaza, mashine inadhani sauti imefifia, inajipandishia nivo yenyewe. Jenereta ya jirani inakuja mbele, kuku wa uani wanakuja mbele, hata pumzi zangu. Akifungua kinywa tena, neno lake la kwanza linabamiza kama mlango uliosukumwa na upepo, kisha mashine inashtuka na kushusha. Ikawa hivyo saa nzima, juu, chini, juu, chini, kama mtu anayehema. Pengine kwa kikao cha familia ingetosha. Kwa mzee anayekumbuka, kimya chake nacho ni sehemu ya maneno, na mashine ilikijaza jenereta.

Mara ya pili nikazima otomatiki. Nilipima nivo wakati kambo anasalimia kwa sauti ya chini, nikaongeza mpaka vile vijiti vya kwenye kioo vikakaribia sifuri, yaani juu kabisa, kwa kuwa nilidhani sauti kubwa ndiyo sauti nzuri. Masikioni mwangu ilikuwa safi kabisa. Ilikuwa safi kwa sababu hedifoni niliishusha! Hakuna aliyenieleza kwamba kitufe cha hedifoni kinabadilisha ninachosikia mimi tu, wala hakigusi kinachoingia kwenye kadi. Kambo akafika kwenye wimbo wa kubeba reli. Akasimama, akapiga makofi, akacheka kile kicheko chake chote. Taa nyekundu ikawaka. Sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Katika dijitali, sifuri ni dari. Kinachozidi hapo kinakatwa kichwa, na programu yoyote utakayoitumia baadaye inabahatisha tu kilichokuwapo. Wimbo mzima ni mkwaruzo. Ndipo nikaenda dukani, ndipo nikaambiwa kambo amezeeka sauti.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, kwa mashine nzito za wakati ule, na gitaa lile unalisikia mpaka leo uzi kwa uzi. Kulikuwa na mtu aliyeketi akasikiliza. Huyu wetu alishindwa kuvaa hedifoni dakika mbili!

Nilitaka kuwaambia watu wote wasiinunue rekoda hii. Sasa siwezi. Rafiki yangu anayerekodi kwaya kule Kenya alikuja nyumbani akaishika mikononi, akaniuliza, "Ulimwomba acheke kwanza?" Kazi yote ilikuwa hapo. Unaanza na kile kikubwa kuliko vyote, kicheko au makofi, unashusha nivo mpaka vilele vyake viishie desibeli 12 hivi chini ya sifuri, halafu unaiacha. Maneno ya kawaida yatakaa chini zaidi, na yakae. Ukirekodi kwa biti 24, ubora unaotunza hata sauti ndogo, unayainua baadaye bila shida. Tukaiweka rekoda juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka kinywani, tukawasha kichujio cha mivumo ya chini, jenereta ikarudi nyuma.

Nikasikiliza usiku. Nilisikia ulimi wa kambo ukigusa meno aliyobaki nayo. Nililia. Mashine hii ni nzuri, nzuri sana, na niliyoyasema vibaya kwa watu nayafuta.

Ila si yote. Gurudumu la nivo liko ubavuni, halina cha kulifunga, na kidole kikiligusa linatoka 4 hadi 7 bila wewe kujua. Nani aliyechora kitu hiki bila kukishika mkononi? Na najua nitaambiwa nitafute zile za biti 32 floti, ambazo sauti ikizidi unaishusha baadaye. Mikro (maikrofoni) yenyewe ikizidiwa hata hizo hazikuokoi, na mimi pesa zangu zimekwisha kwenye hii. Ningeinunua tena? Ndiyo. Kwa yule kijana, kamwe.

Wimbo wa reli kambo amekataa kuurudia. "Mwana, ule tulikuwa tunaimba tukibeba. Sasa nibebe nini?" Jumapili narudi Katuba kumbembeleza. Gurudumu nimeliacha kwenye 4, nimelibandika utepe wa skochi.